Jumatatu, Kabla ya Kufua

Dumu la maji Newala ni shilingi mia tano kiangazi kikikaza,
na jezi za timu ni kumi na nane, bukta kumi na nane,
soksi hesabu yake anaijua Mungu.
Mimi ndiye nizifuaye. Somoe Nampunju.
Jina langu halipo kwenye bango la uwanja.

Enzi za kocha wa zamani madumu matano yalinitosha.
Tulifungwa Songea, tukafungwa Njombe, tukafungwa nyumbani
mbele ya mkuu wa wilaya na mwavuli wake,
na jezi zikarudi kwangu nyeupe kama zilivyoondoka.
Nikasema, vijana hawa wana adabu.

Ndipo akaja Hokororo.
Alishuka kwenye basi la Masasi mwezi Juni, asubuhi ya ukungu,
mikorosho ikitoa maua, salfa ikinuka mpaka ndani ya chai,
goti moja halikunji, filimbi haina kamba.
Viongozi wakamwonyesha kombe la mwaka ule.
Yeye akauliza: Nani anafua?

Jumatatu ya kwanza alinikuta karoni.
"Mama, usiloweke kwanza."
Akatundika jezi chafu kambani, moja moja, mbele na nyuma,
akazisoma kama karani wa ushirika asomavyo stakabadhi,
kidole juu ya doa.
"Namba sita, udongo ubavuni: huyu aliteleza kuufuata mpira.
Namba tatu, viwiko: alianguka, akainuka.
Namba mbili, mgongoni tu. Huyu aliangushwa akalala."
Akafika namba kumi.
Akaigeuza. Akainusa.
Ilinukia manukato.

Namba kumi ni Razaki Mpelumbe,
mpwa wa mwenyekiti, mguu wa kushoto una asali,
watoto wa Luchingu humchora ukutani kwa mkaa.
Jumamosi alikaa benchi, taulo shingoni.
Mji ukachemka. Mnadani watu walisahau bei ya korosho
wakiulizana: huyu kocha anapanga timu kwa sabuni?

Tulifungwa mechi nne mfululizo.
Sitaki kudanganya, nami nilimlaani.
Madumu yakawa tisa, yakawa kumi na mawili,
mhasibu akaniita nieleze maji yanakwenda wapi.
Nikamwambia, nenda uwanjani.

Ya tano tukatoa sare.
Ya sita kipa Nambwele alirudi na jezi imechanika kwapa
na pointi tatu.

Halafu, wiki moja, namba kumi ikaja nyekundu.
Razaki alikuwa amerudishwa, dakika ishirini za mwisho.
Kocha akaitazama kambani, akatikisa kichwa kwa furaha, akaondoka.
Mimi nikaishika.
Udongo wa Newala ukianguka nao huingia kwenye mshono,
hulala ndani ya uzi, hudai magadi na usiku mzima.
Huu ulitoka kwa suuza moja.
Ulipakwa kwa kiganja, nyuma ya choo cha uwanja.

Nilinyamaza.
Labda kwa sababu ajipakaye tope ameshaanza kuona aibu.
Labda kwa sababu mama yake ananidai fedha za kikoba.

Mechi ya mwisho ilikuwa Mei. Pointi moja, tubaki daraja.
Sikuiona. Niliisikia redioni, mikono ndani ya povu la mashuka ya gesti,
mtangazaji sauti imemkauka:
Mpelumbe, amerudi mpaka golini kwake, Mpelumbe,
ameteleza, ameutoa mstarini, yuko chini,
yuko chini bado,
ameinuka.
Sifuri kwa sifuri, na watu wakagonga masufuria
utadhani tumeleta kombe.

Leo Jumatatu Hokororo hajaja karoni.
Wanasema aliitwa kikaoni. Wanasema sare hailipi mishahara.
Wanasema mwenyekiti ana kocha mwingine, mwenye magoti mawili.

Pipa limejaa maji ya mvua, ya bure.
Kumi na saba ziko kambani zinachuruzika.
Namba kumi sijailoweka. Iko kwenye beseni,
majani kwenye kola, udongo umeingia mshononi
mpaka ukucha wangu hauufikii.

Basi la Masasi huondoka saa nne.
Njia ya stendi inapita hapa.